‘Nime-overspend’: Sawa, lakini umevuka mstari gani?

IKIFIKA tarehe tano au sita ya mwezi, kuna sentensi moja utaisikia kwenye matatu, kwenye hosteli za chuo, ofisini na kwenye makundi ya WhatsApp: “Buda, hii mwezi nime-overspend.”

Mshahara uliingia juzi. Furahi day ikapita, Jumamosi ikapita, na kufikia Jumatatu mwenye simu anaangalia salio la M-Pesa kama mtu anayesubiri matokeo ya KCSE. Kila mtu kwenye kundi anacheka, mwingine anatuma emoji ya mtu analia, na maisha yanaendelea.

Lakini hebu muulize huyo rafiki yako swali moja dogo: “Ume-overspend kwa ngapi?” Wengi hukwama hapo. Watakwambia “aki nyingi” au “we acha tu.” Ni wachache watakaokutajia nambari. Na bila nambari, kitenzi hicho cha Kiingereza hakina maana yoyote. Hebu tukipasue tuone ndani kuna nini, maana tunakitumia kila siku na kinatugharimu kila mwezi.

NENO LENYEWE

“Overspend” ni vipande viwili. “Spend” ni neno kongwe la Kiingereza lililotoka kwa Kilatini, “expendere”, lililomaanisha kupima kwa mizani na kulipa. Zamani fedha na shaba zilipimwa uzito kabla ya kumpa mwenye mali, kwa hivyo kulipa na kupima lilikuwa jambo moja. Kipande cha pili, “over”, ni kupita au kuvuka.

Ukiviunganisha unapata: kutumia pesa kupita kiwango ulicho nacho, au kupita kiwango ulichopanga. Zingatia hilo neno kiwango. Ku-overspend si kutumia pesa nyingi. Tajiri anayenunua gari la Sh10 milioni akiwa alitenga Sh12 milioni haja-overspend hata kidogo. Ila mwanafunzi aliyejipangia Sh200 za chakula kwa siku kisha akala za Sh260 ame-overspend, ingawa pesa zenyewe hazinunui hata pizza ndogo.

Kuhusu sarufi, kuna mambo matatu ambayo hutatiza wengi kwenye mitihani na hata kwenye barua pepe za kazi. Kwanza, wakati uliopita ni “overspent”, na hubaki hivyo hivyo baada ya “have”. Kwa hivyo ni “I have overspent”, si “I have overspend”, wala hakuna “overspended”. Pili, kitu ulichonunua hufuata “on”: “I overspent on shoes.” Si “in shoes” wala “for shoes”. Tatu, kiasi ulichopitisha hufuata “by”: “I overspent by Sh350.” Kinyume chake ni “underspend”, yaani kutumia pungufu ya ulichopanga. Serikali za kaunti zimelaumiwa mara kadhaa kwa kosa hilo la pili, pale fedha za maendeleo zinapokaa bila kutumika huku barabara zikiwa mashimo.

Hiyo “by” ndiyo tunayoikwepa. Sentensi yetu huishia kwa “nime-overspend”, kimya, bila kusema kwa ngapi.

CHELSEA NA EVERTON

Kuna ndugu wa karibu wa neno hili ambaye watu humchanganya naye: “outspend”. Huyu hapimi matumizi yako dhidi ya mfuko wako. Hupima dhidi ya mtu mwingine. Ku-outspend ni kumshinda mwenzako kwa kumwaga pesa.

Mashabiki wa soka wataelewa haraka. Januari 2023, Chelsea walinunua wachezaji hadi wakapita matumizi ya klabu zote za ligi kuu za Uhispania, Italia, Ujerumani na Ufaransa zikijumlishwa pamoja. Enzo Fernández peke yake alitoka Benfica kwa takriban pauni milioni 106.8. Hapo ndipo unasema Chelsea “outspent” Ulaya nzima. Msimu ulipoisha walikuwa nambari 12. Kumshinda mtu kwa matumizi si sawa na kumshinda uwanjani.

Sasa mtazame Everton. Hawakumwaga pesa kama Chelsea. Lakini kanuni za Ligi Kuu ya Uingereza ziliruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu, nao wakapatikana na hasara ya milioni 124.5. Walivuka mstari kwa milioni 19.5. Novemba 2023 wakapokonywa pointi 10, na baada ya rufaa Februari 2024 adhabu ikapunguzwa hadi pointi sita. Hao ndio wali-overspend. Waliadhibiwa kwa kuvuka mstari uliokuwa umeandikwa, hata kama jirani alitumia zaidi yao.

Mtaani hadithi ni hiyo hiyo. Unapoona picha za rafiki yako akiwa Diani na wewe ukaamua wikendi ijayo lazima uende Naivasha, ulianza kwa kutaka ku-outspend. Utakachomaliza nacho ni ku-overspend. Vitenzi viwili tofauti, na cha kwanza mara nyingi ndicho kinachozaa cha pili.

KUNA KUJIPA RAHA, KUNA KUCHOMA

Kiingereza kina vitenzi vingine vya pesa, na kila kimoja kina hisia yake.

“Splurge” kilizaliwa Marekani katika karne ya 19, na mwanzoni kilihusu kujionyesha kwa madoido. Siku hizi ni kutumia pesa nyingi kwa kitu cha raha ambacho kwa kawaida hungekinunua: viatu vipya vya dukani badala ya mtumba wa Gikomba au Toi, ama chakula cha mchana kwenye hoteli yenye vitambaa mezani. Waingereza wana “splash out” chenye maana ya karibu. Ndani ya vitenzi hivi kuna furaha. Anayesema “I splurged” kwa kawaida hajuti.

“Blow” ni kuchoma. “He blew his salary in one weekend” ni mtu ambaye pesa zilimponyoka na hana cha kuonyesha. “Fork out” nacho ni kulipa huku roho ikiuma, kwa mfano pale simu inapopasuka kioo na fundi wa Luthuli Avenue anakutajia bei.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: unaweza kusplurge bila ku-overspend. Ukiweka Sh500 kila wiki kwa miezi miwili na nusu, kisha ukaenda kununua sneakers za Sh5,000, ume-splurge. Hakuna mstari uliovukwa. Hakuna haja ya kujieleza kwa yeyote, wala ya kuomba msamaha kwenye kundi la WhatsApp.

Unaweza pia ku-overspend bila raha yoyote. Mtu anayelipa boda kila asubuhi kwa sababu amechelewa kuamka, ananunua bando ndogo ndogo za intaneti mara nne kwa siku, na kulipa ada za kutuma pesa hapa na pale, anaweza kuvuka bajeti yake kwa elfu mbili bila kukumbuka hata siku moja aliyofurahi. Huo ndio overspending mbaya zaidi, kwa sababu haukuachi hata na picha.

KISWAHILI KINASEMAJE

Kiswahili hakina kiambishi cha “over-”. Sisi husema “kutumia kupita kiasi”, “kutumia kupindukia” au “matumizi yaliyozidi mapato.” Ni maelezo sahihi, lakini marefu, na ndiyo maana ulimi hukimbilia “nime-overspend”.

Tuna vitenzi vyetu vizito pia. Kufuja. Kutapanya. Kuponda mali. Pwani utasikia israfu, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo halimwachi mtu hivi hivi. Na kuna ubadhirifu, ambalo magazeti yameliazima kwa ajili ya maafisa wanaokula pesa za umma.

Sasa jaribu kusema kwa sauti: “Nimefuja mshahara wangu.” Haisikiki kama “nime-overspend”, sivyo? Kufuja kunabeba lawama. Ni kama nyanya yako amesimama mlangoni akikuangalia. “Nime-overspend” ni nyepesi, ina mzaha ndani, na inaweza kufuatwa na “lakini nilikuwa nime-deserve.” Tunapochanganya lugha, wakati mwingine huwa tunachagua neno lisilouma.

Lakini si lazima mtu ajihukumu ndipo abadilike. Ukiangalia vizuri, kitenzi chetu cha kawaida kabisa kina somo zuri kuliko kufuja. “Tumia” kimetokana na “tuma” katika kauli ya kutendea, ile uliyofunzwa shuleni: piga, pigia, soma, somea, tuma, tumia. Kutumia pesa ni kuituma ikufanyie kazi fulani. Kwa Kilatini pesa ilipimwa; kwa Kiswahili inatumwa. Kwa hivyo mwisho wa mwezi swali si “pesa zimeenda wapi?” kana kwamba zilitoroka zenyewe. Swali ni “nilizituma wapi?”

Wahenga nao hawakutuacha. “Mtu hujikuna ajipatapo,” walisema, yaani kila mmoja aishi kwa urefu wa mkono wake. Na mtaani tukajibu kwa “tumia pesa ikuzoee.” Misemo hiyo miwili inaishi kwenye simu moja, ya mtu mmoja. Ya kwanza hutawala kuanzia tarehe 15, ya pili kuanzia tarehe 30. Januari wala haihitaji msemo, tayari tumeibatiza Njaanuary.

SIFURI ILIPOFUTWA

Kuna wakati simu ilikuwa na ukuta. Ukijaribu kulipa na salio halitoshi, ujumbe ulikuja kukuambia pesa hazitoshi, na mambo yakaishia hapo. Hata kama hukuwa na bajeti, sifuri ilikuwa bajeti yako.

Januari 2019, Safaricom pamoja na benki za CBA (sasa NCBA) na KCB walizindua Fuliza. Salio likipungua, huduma hiyo hujazia ili malipo yapite. Tazama jina lenyewe: kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukatiza. Hawakudanganya. Unaendelea kutumia pale ambapo zamani ungesimama.

Fuliza imewafaa watu wengi. Mama mboga anayehitaji kulipia mzigo saa kumi alfajiri sokoni, au mtoto anapougua usiku, hawezi kungoja. Lakini kwa anayelipia kuku na soda, hesabu ni tofauti. Tuseme una Sh40 na bili ni Sh640. Fuliza inakujazia Sh600, inakukata asilimia moja ya kiasi hicho, yaani Sh6, na kuna ada ya kila siku kadiri deni linavyokaa, kulingana na kiasi ulichokopa na masharti ya wakati huo. Pesa yoyote ikiingia kwenye M-Pesa yako, deni linajilipa lenyewe kwanza. Mjomba anakutumia Sh1,000 za vitabu, wewe unaona mia tatu na kitu.

Kwa maneno mengine, tulipewa njia ya kuwa chini ya sifuri bila kuhisi tumeanguka. Mstari wa mwisho uliochorwa na mtu mwingine ulifutwa. Kama wewe mwenyewe hukuwa umechora wako, sasa huna wowote.

Hata serikali ina mstari. Kifungu cha 223 cha Katiba ya 2010 kinairuhusu kutumia fedha ambazo Bunge halijaidhinisha, lakini zisizidi asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa mwaka huo wa kifedha, na idhini iombwe ndani ya miezi miwili baada ya kutoa fedha hizo mara ya kwanza. Iwapo mstari huo huheshimiwa ipasavyo ni mjadala wa siku nyingine. Juni 2024 vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha hadi ukaondolewa, mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba serikali ipunguze matumizi yake kabla ya kugusa mifuko ya wananchi. Kwa lugha nyingine, waliiuliza serikali: ume-overspend kwa ngapi, na kwa nini tulipe sisi?

KITENZI KINAPOKUONEA

Kuna watu ambao neno hili halifai kuwatumia, nao ni wengi. “Overspend” humtupia lawama anayetumia. Linachukulia kwamba pesa zilitosha na yeye akazidisha. Je, kama hazikutosha tangu mwanzo?

Chukua mshahara wa Sh30,000 kwenye karatasi. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, hiyo ni Sh450. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, hiyo ni Sh825. Tayari Sh1,275 zimeondoka kabla ya NSSF na kodi ya mapato. Halafu Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mafuta yakipanda hata bei ya nyanya husikia. Ongeza mdogo wako aliye sekondari, dawa za mzazi, na michango ya mazishi kwenye makundi matatu ya WhatsApp.

Mtu ambaye kodi ya nyumba, nauli, unga na familia vimemaliza kila kitu haja-overspend. Analipwa kidogo. Hizo ni sentensi mbili tofauti na dawa zake ni tofauti. Wa kwanza anahitaji kupunguza. Wa pili anahitaji kuongezewa, kutafuta kazi ya pembeni, kuhamia nyumba ya bei nafuu, au kuambia ukoo wazi kwamba mwezi huu haiwezekani. Kumwambia aache kunywa kahawa ya mjini ni kumtukana, kwa sababu hajawahi kuinywa.

Ndiyo maana nambari ni muhimu. Bila nambari, anayefuja na anayelipwa kidogo hutumia sentensi moja na kupewa ushauri mmoja.

CHORA MSTARI WAKO

Njia ya kujua uko upande gani haihitaji shahada ya uhasibu. Chukua kinachofika mkononi na uanze kutoa.

Tuseme ni Sh28,000. Kodi ya bedsitter Sh8,500. Stima na maji Sh1,500. Nauli Sh200 kwa siku kwa siku 24, hiyo ni Sh4,800. Chakula Sh7,000. Nyumbani Sh2,500. Jumla ni Sh24,300. Zimebaki Sh3,700. Weka akiba Sh1,500 kabla ya kitu kingine chochote. Sasa una Sh2,200 za kila kitu kinachoitwa raha, yaani Sh550 kwa wiki.

Hiyo Sh550 ndiyo mstari. Ni ndogo, inaudhi, lakini ni yako. Ijumaa ukienda choma na wenzako ukatumia Sh900, unaweza sasa kusema sentensi kamili: “I overspent by Sh350 on nyama choma.” Na ukishaweza kuisema, unajua cha kufanya: wiki ijayo una Sh200. Hakuna drama. Kama ulipofanya hesabu hukubakiwa na chochote, au ulifika kwenye hasara kabla ya kufikia raha, basi ujue tatizo lako si Ijumaa.

Mambo matatu yatasaidia mstari usifutike. Kwanza, itishe taarifa ya M-Pesa ya mwezi uliopita kwenye programu ya simu na uisome yote, hata kama inaumiza. “Mali bila daftari hupotea bila habari,” na daftari lako tayari liko kwenye simu. Pili, pesa ya raha iweke pekee, kwenye laini nyingine au hata noti mfukoni. Ikiisha, imeisha. Tatu, kama Fuliza inakujia kila wiki kwa mambo yasiyo ya dharura, lipa deni kisha ujiondoe. Inawezekana, na utairudia ukiihitaji.

Na pale kwenye kundi, mtu akiandika tena “nime-overspend”, usimcheke wala usimhubirie. Muulize tu, “Kwa ngapi?” Akiwa na jibu, yuko sawa. Akikosa, mtumie hesabu hiyo ya hapo juu aijaze kwa nambari zake.